Tanzia: Mfasiri wa Banda la Video

Watu wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Isingiro, Kaisho hadi Murongo mpakani, walio nyumbani na walio mbali, wanatangaziwa kifo cha mfasiri wa banda la video. Ni yule mtu aliyekaa kando ya televisheni moja, mbele ya umati uliobanana kwenye mabenchi ya mikaratusi, akaieleza picha ya Kimarekani, ya Hong Kong au ya Kihindi kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyambo. Hakufa kwa ajali. Aliugua polepole, kwa miaka kadhaa, na wengi wetu tulikuwa tumeshahama bandani tulipogundua kwamba hayupo. Majengo aliyofanyia kazi mengine bado yamesimama na jioni yanajaa, ila siku hizi yanaonyesha mpira.

Namwandikia wasifu kwa sababu sijaona aliyemwandikia. Banda la video likitajwa, lilitajwa kwa watoto watoro, picha chafu na kelele za jenereta. Hayo yalikuwepo, na nitayasema. Lakini kwa sisi tuliokulia Karagwe, mkoani Kagera, kabla Kyerwa haijamegwa kuwa wilaya mwaka 2012, yule mtu ndiye aliyetufikishia dunia, tena akiwa ameshaigeuza ikawa ya kwetu.

Ukoo wake ni wa zamani na umetawanyika. Japani, enzi za sinema bubu, kulikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama pembeni ya pazia akitoa sauti za wahusika wote na kueleza mambo ya Ulaya na Marekani kwa watazamaji ambao hawakuwahi kufika huko. Mara nyingi watu walichagua jumba la sinema kwa kumfuata benshi, picha yenyewe ikawa jambo la pili. Sinema zenye sauti zilipoenea miaka ya 1930, kazi hiyo ikafutika. Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa benshi. Alijiua mwaka 1933. Huku kwetu, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliendesha mradi wa sinema za elimu wenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Lori lilizunguka Afrika Mashariki na projekta, na picha za kilimo na afya zikaonyeshwa usiku kwa maelezo ya lugha za wenyeji. Msimulizi wa lori lile alitakiwa aseme alichoandikiwa na serikali. Mfasiri wa bandani alirithi nafasi yake pembeni ya picha, lakini utiifu ule hakuurithi hata kidogo.

Kilichomzaa hasa ni mkanda wa VHS, ambao kampuni ya JVC ya Japani iliutoa mwaka 1976. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote hadi vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo kwetu mkanda uliitangulia televisheni. Seti ya kwanza ambayo watu wengi wa vijijini waliiona haikuwa na antena. Ilikuwa imeunganishwa na deki. Hakukuwa na taarifa ya habari, hakukuwa na mtangazaji wala matangazo ya sabuni. Kulikuwa na picha tu, imetoka mbali, inazungumza lugha ambayo benchi zima haliijui. Pengo hilo lilihitaji mtu.

Jijini Dar es Salaam mtu huyo alipata jina kubwa. Derek Gaspar Mukandala, ambaye jina la ukoo wake si geni kwa mtu wa Kagera, alijulikana nchi nzima kama Lufufu. Alirekodi sauti yake juu ya picha za kigeni, na nakala zikasambaa kwenye maduka ya kukodisha mikanda. Alieleza, akaongeza, akatania na kuonya. Mwanaanthropolojia Mjerumani Matthias Krings, aliyeifuatilia kazi hiyo, aliiandikia makala ambayo jina lake linasema ni kugeuza wali kuwa pilau. Hakuna aliyewahi kumsikia Lufufu atakayebisha.

Mikanda ya Lufufu ilifika Kagera kwa njia ileile ya bidhaa nyingine: melini kutoka Mwanza hadi Bukoba, kisha kwenye mabasi ya kupanda vilima vya Karagwe. Ila haikutosha, na ikifika ilikuwa imeshachoka. Mikanda mingine ilivuka kutoka Uganda kwa upande wa Kikagati, ikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiganda ndani yake, au bila msimulizi kabisa. Hapo ndipo mfasiri wa papo kwa papo alipopata kazi, na huyo ndiye ninayemlilia. Wa kwenye mkanda ameacha sauti. Huyu wa kwetu alisema na ikapotea palepale.

Tuliangalie banda lenyewe, mfano lile la Nkwenda siku ya gulio, nyakati za msimu wa kahawa, watu wakiwa na hela mfukoni. Kuta za matofali ya udongo, bati juu, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie. Nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya picha za siku hiyo, mengi yameandikwa yanavyotamkwa. Jenereta limewekwa nyuma, ndani ya shimo, lipunguze kelele. Ndani kuna joto la miili na moshi wa sigara, harufu ya petroli, maganda ya karanga chini. Deki imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama kitu cha sebuleni. Mfasiri anakaa kwenye kiti cha pembeni, amekielekeza nusu kwenye televisheni na nusu kwetu. Ana kipaza sauti kama mwenye banda amejaliwa. Kama hana, anapaza koo lake.

Na vifaa vilikuwa vibovu. Hili lazima lielezwe kwa kirefu, maana ufundi wake wote ulijengwa juu yake. Mkanda ukichezwa mara nyingi unachakaa, na hedi ya deki inashika uchafu. Picha inajaa chenga, rangi inakimbia, sauti inazama. Mwenye banda anafungua kifuniko na kufuta hedi kwa pamba, watu wakipiga miluzi. Sasa mfasiri mzuri hakunyamaza wakati huo. Aliendelea. Alitueleza yanayotokea nyuma ya chenga, nani yuko mlangoni, nani amejificha, kwa nini yule dada analia. Picha ikirudi, tulikuta wahusika wako pale alipotuachia, au karibu na hapo. Petroli ikiisha kabla ya mwisho, banda likawa giza tupu, mfasiri hodari alimalizia picha kwa mdomo, vifo na busu na yote, na watu hawakudai kurudishiwa kiingilio. Niliwahi kumsikia mmoja akimalizia hivyo picha ya Kihindi kwa karibu nusu saa. Nilipokuja kuiona picha ileile miaka mingi baadaye, mwisho wa mtunzi ulikuwa mfupi, na haukuwa mzuri kama wake.

Nimesikia watu wakisema hawa hawakujua Kiingereza, walibahatisha. Ni kweli wengi walibahatisha, na Kihindi na Kichina hawakukijua kabisa. Lakini anayedhani kazi yao ilikuwa kuhamisha maneno hakuwahi kukaa benchi lile. Walikuwa na kazi ya kuwafanya watu mia moja waliochoka kuchuma kahawa na kubeba ndizi waifuate hadithi moja mpaka mwisho. Walijua nani amekaa benchi la mbele. Walijua nani amefiwa wiki hiyo, na wakapunguza mzaha penye msiba wa kwenye picha. Walimpa kila mhusika jina linalobebeka, kwa sura yake au kwa kufanana na mtu wa hapo sokoni, na jina likishatolewa mhusika alikuwa amehamia Nkwenda.

Mfano ambao haunitoki ni picha ya pili ya Rambo, ile ya mwaka 1985, anayorudi Vietnam kutafuta mateka. Sisi watoto tulifurahia mishale inayolipuka. Lakini benchi za nyuma zilikuwa na watu wazima ambao mwaka 1978 walikuwa hapa, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia ardhi ya kaskazini ya mto Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Walikuwa wamesikia mabomu ya kweli. Wengine walikuwa na ndugu waliokwenda vitani hawakurudi. Mfasiri wetu hakuwaacha na Vietnam. Mto wa kwenye picha akauita Kagera. Kinamasi akakiita kwa jina la kinamasi tunachokijua, chenye mafunjo, na Rambo alipojipaka matope akajibana kwenye ukingo hadi adui akampita, mfasiri alinyamaza. Ndiyo, alinyamaza, mtu ambaye hakuwa ananyamaza hata deki ikizimwa. Kisha akasema polepole, kwa Kinyambo, kwamba hivyo ndivyo watu wa mpakani walivyojificha. Mzee mmoja nyuma akaitikia kwa sauti kubwa, akataja alipojificha yeye. Benchi zima likageuka kumtazama. Kwa muda ule hakuna aliyekuwa anaangalia televisheni.

Wamarekani walioitengeneza picha ile walikuwa na kidonda chao cha vita, na wakaitumia kukikuna. Kwamba ingetua kwenye banda la udongo magharibi ya ziwa Victoria na kuwafungua midomo wazee wa vita nyingine, hilo hawakulipanga. Alilifanya mfasiri, pale pale, bila mtu kumtuma. Sijui semina au sherehe ya kumbukumbu iliyowahi kuwafanya wazee wale waseme kwa hiari namna ile.

Mabanda yalitapakaa mpaka nje ya kuta zake. Shujaa wa picha tulimwita steringi, na kila mtoto alijua sheria ya kwamba steringi hafi. Ndiyo maana picha ambayo steringi alikufa ililalamikiwa hadi nyumbani, na mfasiri akasutwa sokoni kana kwamba yeye ndiye aliyemuua. Mifuko ya plastiki nchi nzima iliitwa rambo hadi ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019. Migomba ilipigwa mateke ya Van Damme hadi wenye mashamba wakaja juu. Vijana walikata nywele na kutembea kama walivyoona, na mafundi cherehani wa Omurushaka walishona suruali kwa kuelezwa na mteja jinsi ilivyokuwa kwenye picha. Hayo yote yanasimuliwa kila mahali katika Afrika Mashariki. Cha kwetu zaidi ni lugha.

Karagwe haikuanza jana kuishi kwa wakalimani. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, aliandika kwamba mfalme alimsemesha kwa Kiswahili kizuri, maana wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu. Mtu wa Kyerwa leo huzungumza Kinyambo nyumbani, Kiswahili ofisini na shuleni, anaelewana na Munyankore ng'ambo ya mto bila taabu, na Kiganda anakidokoa kwenye redio na sokoni. Kwa hiyo mkanda wa msimulizi wa Kampala ulipochezwa Murongo, mfasiri wa kwetu alifanya kazi ya ajabu: alimfasiri mfasiri. Sauti ya Kiganda ilikuwa inatania juu ya Kiingereza cha chini kwa chini, naye anatania juu ya Kiganda, akimkosoa mwenzake hapa, akimsifu pale. Uganda mtindo huo uliendelea kukua hadi ukaingia ndani ya filamu zenyewe: katika Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, sauti ya msimulizi VJ Emmie imekuwa sehemu ya picha, na dunia nzima imeifahamu hivyo. Rwanda nao wana wasimulizi wao, na Kenya DJ Afro amekuwa nyota. Sisi tuliokaa katikati ya hao wote tulikuwa na wetu, na hatukuhifadhi hata dakika tano.

Nilisema nitataja mabaya yake. Kubwa kuliko utoro na kuliko zile picha za usiku wa manane, ambazo zilikuwepo na zilionyeshwa mbele ya watoto waliojificha chini ya mabenchi, ni kwamba banda lilikuwa la wanaume. Msichana aliyeingia alipewa jina kabla hajakaa. Dada zetu walizijua picha zile kwa kusimuliwa na sisi jikoni, yaani walipata tafsiri ya tafsiri, na wengine walisimulia vizuri kuliko mfasiri mwenyewe lakini hawakuruhusiwa kukikaribia kiti chake. Mfasiri naye alicheza kwa umati aliokuwa nao: wanawake wa kwenye picha aliwasema kwa maneno ambayo nisingependa kuyarudia hapa. Alikuwa na kipaji, akakitumia hivyo pia. Tukimlilia tumlilie mzima.

Kisheria alikuwa hana pa kusimama. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kwa maonyesho ya hadhara, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ikaufanya ule mkanda wenyewe kuwa kosa. Nasema haya bila kuyapuuza, kwa sababu kazi ya msanii ni jasho lake. Lakini ukweli mwingine ni kwamba hakukuwa na mahali popote Karagwe ambapo mtu angeweza kulipia picha halali hata kama angetaka.

Ugonjwa wake ulianza na kitu kizuri. Filamu za Nigeria ziliingia, zikifuatwa na za kwetu wenyewe. Baada ya Girlfriend ya mwaka 2003, filamu za Kitanzania zilianza kutoka kwa wingi, na zilipita kwenye mtandao uleule uliojengwa na mikanda ya kigeni: maduka yaleyale ya kukodisha, mabanda yaleyale, watazamaji waliokwishazoea kusikia picha ikizungumza Kiswahili. Sasa steringi alikuwa Steven Kanumba, na Kanumba hakuhitaji mtu wa kumfasiri. Mabanda yalijaa, na kwa mara ya kwanza wanawake nao walikuwa na picha za kuangalia, nyingi wakiziangalia majumbani. Mfasiri alikaa pembeni. Siku hizo aliweza kuitwa kwa picha moja ya mapigano usiku, akalipwa soda na kitu kidogo. Kanumba alipofariki Aprili 7, 2012, nchi ilisimama, na ilistahili. Wakati huohuo mabanda ya Kyerwa yalikuwa yanampoteza mtu mwingine ambaye hakutangazwa na redio yoyote.

Kisha vikaja vitu haraka haraka. Diski zikachukua nafasi ya mkanda. Diski moja ya magendo ilibeba picha kumi na zaidi, na bei ya picha ikashuka karibu na bure. Umeme ukasogea. Kagera kwa miaka mingi iliishi kwa umeme ulionunuliwa Uganda, ukiingia kutoka Masaka hadi Kyaka, na vijiji vingi havikuuona kabisa. Baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007 nguzo zilianza kufuata barabara. Mto uliokuwa Vietnam ya benchi letu sasa unazalisha umeme kati ya Kikagati na Murongo, megawati 14 zinazogawanywa kati ya nchi mbili. Nyumba yenye umeme hununua televisheni yake. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata kwa zamu, na king'amuzi kikawa kifaa cha nyumbani kama redio.

Ndani ya ving'amuzi hivyo kulikuwa na wapinzani wake wa kweli. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa na sauti za Kiswahili. Baadaye Azam TV, iliyoanza mwaka 2013, ikaleta tamthilia za Kituruki kama Sultan, nazo kwa Kiswahili. Waigizaji wa sauti wanakaa studio, wana maandishi mbele yao, kila mhusika ana sauti yake, mdomo na neno vinakaribia kwenda pamoja. Mama yangu mdogo, ambaye hakukanyaga bandani maisha yake yote, anawajua masultani kwa majina na tabia zao. Hilo ni jambo jema na silipingi. Ila tafsiri ile inasemwa kwa nchi nzima kwa wakati mmoja, na haiwezi kumjua aliyefiwa Nkwenda wiki hii. Ndani yake kinamasi ni kinamasi tu.

Mpira ndio uliochukua jengo. Mwenye banda aligundua kwamba mechi moja ya Ligi Kuu ya Uingereza, au ya Simba na Yanga, inajaza nyumba kuliko picha tatu, na haihitaji mtu wa kulipwa pembeni. Mtangazaji yumo ndani ya televisheni. Ukipita jioni utasikia banda likiunguruma kama zamani. Watu wanabishana, wanaitikia, wanamtukana refa. Ile desturi ya kuiangalia televisheni kwa kelele na kwa pamoja, iliyofundishwa na mfasiri, imebaki ikiwa mali ya mpira.

Simu ndiyo iliyomaliza. Kwanza ilikuwa kadi ya memori: unakwenda kwenye duka lenye kompyuta pale Kayanga, unachagua, kijana anakujazia nyimbo na picha, unaondoka nazo mfukoni. Sasa ni bando. Na humo ndani ya simu, ajabu ni kwamba usimuliaji umerudi kwa nguvu. Vijana wanaangalia picha zilizosimuliwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Wengine wanaweka sauti zao za Kiswahili, na mara nyingine za Kinyambo, juu ya vipande vifupi vya picha za Wahindi na Wachina, wanavirusha mtandaoni, na watu wanacheka. Kuna anayeniambia kwamba basi mfasiri hajafa, amehama. Namwelewa, lakini sikubaliani naye. Msimulizi wa kwenye simu ameshamaliza kusema kabla hujabonyeza. Ukimjibu hakusikii. Yule wa bandani angeweza kubadilishwa katikati ya sentensi na mzee mmoja wa benchi la nyuma, na ndivyo ilivyokuwa, mara nyingi.

Kwa jamaa zake wa karibu namhesabia mpiga enanga, yule mwimbaji wa tendi za mashujaa aliyekaa na kinanda chake cha nyuzi saba au nane, watu wakimzunguka, wakimjibu, wakimrekebisha, wakimtuza. Mtu mmoja, hadithi ndefu, umati unaoingilia. Mpiga enanga wa Kihaya alibahatika kumpata Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyezikusanya tendi hizo na kuziandikia tasnifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Kwa hiyo leo tunaweza kujadili namna mwimbaji alivyorefusha mapigano kwa kuwa wasikilizaji walimshangilia. Mfasiri wa banda alifanya ufundi uleule mbele ya macho yetu miaka kumi au ishirini baadaye, kwenye mji ulio na deki mbili na hata kamera ya harusi, na hakuna aliyebonyeza kitufe cha kurekodi. Tulidhani kinachorekodiwa ni kile kilicho ndani ya televisheni.

Ameacha warithi wa kazi yake: washereheshaji wa harusi waliojifunzia kwake kushika umati, watangazaji wa mnada, watu wa redio. Kayanga kuna redio ya jamii ya FADECO, na ukisikiliza jinsi mtangazaji anavyoeleza bei ya kahawa au ugonjwa wa mnyauko wa migomba, kwa kuita watu na kungoja itikio ambalo halitakuja, utajua amewahi kukaa wapi utotoni. Redio hiyo, au shule, au maktaba yoyote ya wilaya zetu mbili, ingeweza kuwakusanya wafasiri waliobaki. Wako hai. Wengi hawajafika miaka sitini. Wana mashamba ya kahawa na maharage, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wana maduka ya vipuri.

Mmoja wao nilimfuata nyumbani, upande wa Kaisho, nikiwa na simu yenye picha ya zamani aliyokuwa bingwa wake. Nilimwomba aisimulie tukiwa wawili pale uani, nimrekodi. Aliiangalia kwa muda, akataja majina aliyowapa wahusika, yote, bila kukosea. Nikamwambia basi aanze. Akanirudishia simu, akasema hawezi kumsimulia mtu mmoja; niende kwanza nikamletee watu.